Kirikuu ya milioni 4.6: nataka ikae chini, ivae spoti rimu, na bado ibebe friji. Nianzie wapi?

Fundi Friji wa Mbagala

Wakuu habari za muda huu. Nina miaka 23, ni fundi friji na viyoyozi. Nilisomea VETA Chang'ombe, na kazi zangu ni za huku huku Mbagala, Mtoni, mpaka Chamazi. Miaka yote mitatu friji za wateja nimezibeba kwa kukodi, na kila safari kirikuu ya mtu inakula nusu ya ufundi wangu. Mwezi uliopita zamu yangu ya mchezo ikafika, nikachanganya na akiba, nikanunua kirikuu yangu mwenyewe, pikapu ndogo ya Suzuki Carry, kwa 4,600,000. Namba C, gia za mkono, nyeupe, AC haina. Injini inawaka kwa kugusa tu na haitoi moshi.

Aliyeniuzia alikuwa anabebea samaki kutoka Feri. Bodi ya nyuma nimeiosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa maji ya moto, na jua likiwaka bado harufu inarudi. Hilo nalimudu. Kilichonileta hapa ni kingine.

Magari nayapenda tangu nikiwa mdogo, na sio magari makubwa. Napenda haya madogo. Jioni naangalia vijana wa Japani walivyozifanya Carry na Hijet zao: zimekaa chini, zimenyooka, rimu nzuri, bodi safi kama meza ya hotelini. Yangu ukiisimamisha pembeni utadhani inataka kulalia pua. Nyuma iko juu, mbele iko chini. Nimepima kwa futi kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa bodi, halafu kutoka ardhini hadi chini ya mlango, nikalinganisha na picha za gari la aina hiyo hiyo likiwa jipya. Kwa hesabu yangu nyuma imezidi kama sentimita 9.

Jumamosi nimenunua rimu nne za Vitz, nchi 14, pamoja na tairi zake 165/70, kwa 350,000. Matundu manne, zimekaa vizuri kabisa, na gari lilivyopendeza sikulala, nilitoka usiku mara mbili kuliangalia. Jumatatu nikiwa Kilwa Road, karibu na Mtoni kwa Azizi Ali, nyuma kushoto kukaanza kulia "gro, gro, gro". Nikipunguza mwendo inapungua. Gereji wamesema ni beringi, 85,000 na ufundi.

Bajeti yangu yote ni 1,200,000 na rimu zimeshakula humo. Nataka kuishusha, kubadilisha rangi iwe kijani ya jeshi ile isiyong'aa, na kufungua egzosi kidogo. Naombeni mwongozo wa nini kianze. Naomba kuwasilisha.

Mtu wa Igoma

Mkuu, kabla ya kununua beringi paki gari. Nasema kweli, usiliendeshe hata kwenda dukani.

Matundu manne ya Vitz na ya Carry yanalingana, yote ni 100 kwa 4, yaani matundu manne kwenye duara la milimita 100, na hata tundu la kati linaingia. Ndiyo maana rimu ikakaa. Tatizo ni nati. Nakuuliza: walipofunga walitumia nati zilizokuja na rimu au zile za gari lako? Stadi za Suzuki, zile boliti zinazoshika rimu, ni unene wa milimita 12 na uzi wa 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka uzi hadi uzi. Za Toyota ni milimita 12 na uzi wa 1.5. Kwa macho zinafanana kabisa. Nati ya Toyota ukiiweka kwenye stadi ya Suzuki inashika, inazunguka raundi moja au mbili, halafu inakuwa ngumu. Fundi mwenye haraka anadhani ni kutu, anachukua spana ndefu, anaining'inia. Pale anakuwa anachana nyuzi, na rimu haijabanwa.

Mimi niliona tairi la mwenzangu likitupita mbele hapa Buzuruga, tukiwa tunaliangalia, gari limelala upande. Hakuna aliyeumia, lakini siku ile sijaisahau.

Na hizo tairi pia. Tairi ya kiwandani ya kirikuu ni 145R12, kimo chake ni kama sentimita 53.7. Hiyo 165/70R14 ni 58.7. Umeongeza karibu asilimia 9. Maana yake spidi mita ikikuambia 80 wewe uko 87, na gia zote zimekuwa nzito, injini yenyewe ni sisi 658. Ukipakia ukakutana na kilima utajuta. Kwenye kona ya mwisho ya stelingi nadhani inagusa plastiki ya ndani ya madigadi, kaangalie kama kuna alama nyeusi.

Fundi Friji wa Mbagala

Mkuu wa Igoma, Mungu akubariki.

Nimefungua tairi la nyuma kushoto leo asubuhi kwenye uwanja wa nyumbani. Nati ya kwanza imetoka na vumbi la chuma linalong'aa, kama unga wa sindano. Ya pili ilikuwa inazunguka tu bila kutoka, nikaivuta kwa kidole huku nazungusha. Stadi mbili hazina nyuzi kabisa upande wa nje, zimekuwa laini kama msumari. Nikachukua nati ya zamani ya kirikuu, nilikuwa nimeziweka kwenye kopo la gesi, nikaiweka kiganjani pamoja na ya Vitz. Nimeziangalia dakika nzima, huoni tofauti. Lakini nilipoweka ya zamani kwenye stadi iliyopona, imekwenda kwa vidole viwili hadi mwisho bila hata kukwama.

Beringi nimeizungusha, haina mlio wowote. Nimeshika drami juu na chini nimetikisa, halitikisiki. Kumbe ilikuwa rimu inacheza kwenye stadi. Na plastiki ya madigadi ina alama nyeusi pande zote mbili, kama ulivyosema.

Nimerudisha rimu zangu za nchi 12 kwa mbele. Nyuma kushoto gari liko juu ya tofali mpaka nipate stadi mpya. Kesho mteja nimemwambia ukweli kwamba sitafika.

Mzee Springi

Kijana, salama? Mimi niko Morogoro, karibu na Msamvu, na kazi yangu ni springi na chasisi tangu kirikuu hazijawa nyingi namna hii. Nimesoma maelezo yako mara mbili kwa sababu umepima. Wengi hawapimi.

Unauliza utaishushaje. Mimi nakuuliza aliyekuuzia aliiinuaje.

Carry ikitoka Japani haijabinuka nyuma sentimita 9. Hili gari lilitengenezwa kubeba kilo 350. Hapa kwetu linapakiwa kilo 700, linapakiwa tani, na mwenye gari akiona nyuma imelala anakuja kwa watu kama mimi tunamwongezea majani ya springi. Nimeongeza mengi, na nilikuwa nawaambia kabisa. Jani lenyewe mara nyingi linatoka kwenye gari jingine, linakatwa kwa gesi, linatobolewa, linabanwa katikati ya yale ya kiwandani. Lala chini ya gari uangalie. Jani la kiwandani ncha zake zimekatwa safi, na upana wake unalingana na wenzake. Lililoongezwa linaonekana: ncha ina makovu ya gesi, upana haulingani, na klipu zinazoshika majani pamoja zimefunuliwa au hazipo kabisa. Halafu angalia yubolti, zile boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Kama zimebakiza uzi kidogo mno juu ya nati, ujue mzigo wa majani umekuwa mnene kuliko yubolti ilivyokusudiwa.

Kwa hiyo gari unalotaka kulitengeneza kwa mtindo wako tayari lina mtindo wa mtu mwingine. Ondoa wa kwake kwanza. Ukishaondoa utashangaa ni kiasi gani cha unachokitafuta kilikuwa humo ndani bila kununua chochote.

Nitakuambia kwa nini hili linakufaa wewe hasa. Samaki na barafu ni mzigo mzito na mfupi. Friji ni mzigo mwepesi na mrefu, na wewe unajua kuliko mimi kwamba halilazwi. Friji tatu za nyumbani, wewe na msaidizi wako, hamfiki kwenye mzigo uliomfanya yule bwana aongeze springi. Lakini friji tatu zilizosimama juu ya gari lililobinuka na lenye springi ngumu zinayumba, kila tuta linazirusha. Gari likirudi kwenye kimo chake, na springi zikawa laini kama zilivyokusudiwa, friji za watu zitafika bila kugongana. Kazi yako na pambo lako vinataka kitu kile kile. Wengi hawana bahati hiyo.

Ukimpelekea fundi, mwambie hivi. Atoe jani lililoongezwa, pande zote mbili siku moja. Aweke boliti ya kati mpya na yubolti mpya za urefu sahihi, zile za zamani zimeshavutika, asizirudishe. Bushi za springi abadilishe zote, ni mpira tu, bei yake haitishi. Apime shokapu: wengine wakiinua gari huweka shokapu ndefu, na ukilishusha bila kuibadilisha inagonga mwisho wake na kukatika. Baada ya siku nne tano za kutembea urudi akaze yubolti tena, kwa sababu majani yatakuwa yamekaa.

Jambo moja ambalo hukuliuliza ni maji ya samaki. Yana chumvi, na miaka yote yalikuwa yanachuruzika chini ya bodi. Chukua tochi ufuate paipu za breki kutoka katikati ya gari hadi ekseli ya nyuma, kipande kwa kipande, upitishe kucha. Ukiona zimeota magamba, hiyo pesa ya rangi na egzosi iende huko kabla ya kitu kingine. Breki ya mbele ya gari hilo ni ya disiki, nyuma drami, na paipu ikipasuka hutapewa taarifa.

Chuma Chini

Mzee heshima yako, ila kuondoa jani moja hakuifanyi ikae chini kweli. Dogo kama unataka muonekano kata koili za mbele mzunguko mmoja na nusu, nyuma toa majani mawili. Kazi ya saa mbili, elfu 30. Yangu imekaa hivyo mwaka wa pili na inatembea. Na egzosi toa silensa, hiyo injini ya K6A ikipumua inalia vizuri sana.

Mzee Springi

Mwanangu, nakuheshimu kwa kuwa unalitumia mwenyewe. Ila kijana huyu anabeba mali za watu, ngoja nimweleze koili iliyokatwa inafanyaje.

Koili ya mbele inashikiliwa na uzito wa gari. Ikiwa na urefu wake, hata tairi likining'inia kwenye shimo bado koili inabanwa kidogo kati ya sahani ya juu na ya chini. Ukiikata mzunguko mmoja na nusu, tairi likining'inia koili inabaki huru, inajigeuza, inatoka kwenye kitako chake. Tairi likirudi chini koili inarudi imekaa upande. Utasikia "tang!" na stelingi inavuta. Kwenye lami nyoofu huwezi kulijua hilo. Mbagala ndani ndani kuna barabara nyoofu ngapi?

Na ukitoa majani mawili, ekseli inakaribia mpira wa kugongea. Tupu itapendeza. Weka friji mbili uone. Kama anataka kushuka zaidi mbele, atafute koili fupi zilizotengenezwa fupi, au zile za Suzuki Every ya injini hiyo hiyo alinganishe na zake kwanza mezani. Lakini mimi ningemwambia anyooshe nyuma kwanza, akae nalo mwezi mmoja, ndipo aamue.

Dada wa Uyole

Kaka Fundi Friji, pole kwa stadi. Mimi niko Mbeya, nina kirikuu mwaka wa tano, nabeba viazi. Yangu pia nimeipendezesha, kwa hiyo nakuelewa unavyotoka usiku kuliangalia.

Kuhusu kijani ya jeshi, fikiria tena. Kwanza, kadi ya gari imeandika nyeupe. Ukibadilisha rangi lazima uende TRA kadi ibadilishwe, vinginevyo kila trafiki anayesoma kadi ana kosa la kukuandikia, na kosa moja ni 30,000. Pili, rangi isiyong'aa inataka kazi safi sana ya puti na msasa kwa sababu inaonyesha kila wimbi la bati. Gari lililobeba samaki lina mawimbi, na litakuwa na kutu ndani ya mikunjo ya bodi. Ukipaka juu ya kutu, baada ya masika moja itainuka kama ngozi iliyoungua.

Nilichofanya mimi: nilitafuta msimbo wa rangi kwenye kile kibati cha kabini. Nyeupe ya Suzuki nyingi ni 26U. Fundi alichanganyiwa rangi kwa msimbo huo, tukakwangua kutu kwenye bodi mpaka chuma cheupe, praima ya kuzuia kutu, halafu nyeupe yake yenyewe. Geti tatu za bodi tulizifungua tukazipaka zikiwa pembeni, siyo zikiwa kwenye gari. Hapo ndipo utofauti ulipo, kwenye bawaba na kwenye kona ambazo wengine hawazifikii. Watu wananiuliza kama ni mpya, wakati rangi ni ile ile aliyozaliwa nayo.

Sakafu ya bodi nimeweka mbao, vipande virefu vya unene mmoja, vimepigwa randa na kupakwa mafuta, vimefungwa kwa boliti zilizozama. Chini ya mbao nimeacha nafasi ya kidole maji yapite. Kwako ingefaa maana friji linaburuzwa, na mbao haichubui miguu yake. Harufu nayo ilikaa zaidi kwenye mpira wa zamani uliokuwa umetandikwa, kama unao utoe wote uutupe.

Sisi huku baridi ya asubuhi inatufanya tupende joto la injini chini ya kiti. Nyie Dar nadhani linawaua. Ukiinua siti angalia kama ule mpira unaozunguka kifuniko cha injini upo. Nyingi hauna, fundi alishautupa akiwa anabadilisha plagi. Mpira mpya na kitambaa cha kuzuia joto chini ya siti vilinigharimu kidogo kuliko redio.

Mtu wa Igoma

Naongezea kwenye rimu, maana nisimkatishe tamaa kijana. Kwa spoti rimu, nchi 13 ndiyo saizi inayolifaa. Tafuta spoti rimu za nchi 13 zilizokuwa kwenye Starlet au Corolla za miaka ya 90, matundu ni yale yale 100 kwa 4. Tairi weka 165/65R13. Kimo chake ni sentimita 54.5, tofauti na ya kiwandani haifiki hata sentimita moja. Usiangalie saizi tu, soma na namba ya mzigo pembeni ya tairi. Ile ya kiwandani ni 80, yaani kilo 450 kwa tairi. Hiyo 165/65R13 ni 77, kilo 412. Kuna watu wanaweka 165/55R14 kwa sababu inajaza vizuri, namba yake ni 72, kilo 355 tu. Kwa gari la matembezi sawa. Kwa friji tatu na wasaidizi wawili, mimi nisingeweka.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji ufunge tupu mbele, uzungushe stelingi mpaka mwisho kulia na kushoto, upitishe kidole kati ya rimu na shokapu. Kidole kisipopita, acha. Usikubali wakuwekee vipande vya kusogezea rimu nje, mzigo wote unahamia kwenye stadi. Na nati nunua mpya, uzi 1.25, zenye kichwa cha mchongoko kama rimu ina tundu la mchongoko. Rimu nyingi za kiwandani za Toyota zinataka nati yenye washa bapa, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Mzee Springi, shikamoo. Huku Mwanza kwa mawe yetu mimi yangu nimeiacha juu kidogo, ila jani la ziada nimelitoa leo baada ya kukusoma.

Mzee Springi

Marahaba. Usisahau kukaza tena.

Fundi Friji wa Mbagala

Wakuu, wiki tano zimepita. Nimekaa kimya kwa sababu nilitaka nije na kitu cha kusema.

Stadi: nimebadilisha zote nne za nyuma kushoto na mbili za mbele kulia ambazo nazo zilikuwa zimeanza kuchanika. Rimu za Vitz nimeziuza kwa 300,000, na aliyenunua ana Vitz, nimemwona akifunga.

Springi: nililala chini na tochi kama mzee alivyosema. Jani la tatu kutoka chini, kila upande, lilikuwa na ncha zenye makovu ya gesi, na pana kuliko wenzake kwa kama milimita 5. Kwenye moja bado kuna rangi nyekundu ya gari lilikotoka. Tumeyatoa yote mawili. Bushi zilizokuwemo zilitoka vipande vipande kama biskuti iliyolowa. Shokapu moja ilikuwa ndefu, nyingine fupi. Mzee, hilo hata wewe hukulisema! Nimeweka mbili zinazofanana. Nimepima tena mahali pale pale: nyuma imeshuka sentimita 8. Siku ya kwanza nilipopita matuta ya Zakhem nilidhani nimesahau kitu nyumbani, hakuna kilichoruka.

Chuma Chini, ndugu yangu, nimefikiria sana kuhusu koili za mbele. Sijazigusa. Gari sasa limenyooka, na nikilisimamisha pembeni ule mstari wa chini wa mlango unaungana na mstari wa bodi kana kwamba umechorwa kwa rula. Nilikuwa natafuta kushusha kumbe nilikuwa natafuta huo mstari.

Paipu za breki: mzee, kama usingesema nisingeangalia. Ile inayovuka ekseli kwenda kulia ilikuwa na magamba, nilipopitisha kucha kipande kikabanduka na chini yake kukawa na unyevu. Haikuwa maji. Nimebadilisha paipu zote za nyuma na mafuta ya breki. Hapo ndipo pesa ya egzosi ilipokwenda, na sina kinyongo hata kidogo. Silensa ilikuwa na tundu, nimechomelea, sasa gari liko kimya kiasi kwamba nasikia friji zikigusana, na nazifunga upya.

Dada wa Uyole, mpira wa sakafu nimeutoa. Chini yake kulikuwa na magamba ya samaki yaliyokauka, nimekwangua kwa siku mbili. Harufu imekwisha. Kibati cha kabini kimeandika 26U kama ulivyosema, nimeshaamua inabaki nyeupe. Geti tatu nimeshazifungua, ziko chumbani kwangu zimeegemea ukuta, nazilainisha kwa msasa kila usiku nikitoka kazini. Mbao nimeagiza mninga, vipande saba. Fundi seremala ameniuliza kama ni kitanda.

Rimu nimepata za nchi 13, za rangi ya fedha, miguu minane, 240,000 zote nne, moja ina mkwaruzo ambao nitausugua. Kidole kimepita mbele kulia na kushoto. Tairi mpya 165/65, namba ya mzigo 77, nimeisoma mwenyewe dukani na muuzaji akaniuliza ndiyo nini, nikamweleza. Safari ya kwanza nimebeba friji mbili za milango miwili kutoka Mtoni kwenda Chamazi na msaidizi wangu kando. Mteja alitoka nje, kabla hata ya kuliangalia friji lake akauliza gari nimenunua wapi.

Nati mpya ni 16, uzi 1.25. Gereji walitaka kunifungia, nikawaomba waniachie. Kila moja nimeizungusha kwa vidole mpaka ikagusa rimu, ndipo nikachukua spana.

Mtu wa Igoma

Baada ya kilomita 50 zikaze tena mkuu.

Fundi Friji wa Mbagala

Nimezikaza leo asubuhi. Moja ya mbele kushoto ilikubali robo raundi, zingine zimekaa.